Mkoba wa bibi wa Jumapili

Katika sharika za Kilutheri zilizopanda mteremko wa Kilimanjaro, kutoka Machame hadi Mwika, mkoba wa bibi anayewahi ibada ya kwanza huwa mzito kuliko unavyoonekana. Mna Biblia, kitabu cha nyimbo kilichoshonwa upya mgongoni, bahasha ya ahadi, miwani, leso, pipi tatu nne ambazo wajukuu wanadhani ni zao, kanga iliyokunjwa, na daftari dogo lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Majirani wakiiona Biblia wanasema mama huyu ni mcha Mungu, na hawakosei. Lakini Jumapili yake itakavyokwisha utaijua kwa daftari na kanga. Daftari lina majina ya wagonjwa wa mtaa, nani kaazima sufuria, nani alinunua jogoo kwenye mnada na bado hajalipa. Kanga atajifunga kiunoni akikuta msiba, ataitandika akimkuta mzazi hana pa kulaza mtoto, ataifunikia chakula, na jioni itarudi begani.

Haya ni kwa mabinti, wakwe na wajukuu ambao humsikia akisema "naenda kanisani" wakadhani anakwenda kukaa kwenye benchi. Anakwenda kazini. Kazi hiyo ina vipimo vyake, na vingi viko kichwani mwake tu.

Jumamosi hupambwa altare, ile meza takatifu ya mbele kanisani. Kitambaa hufuata majira ya kanisa: zambarau kwa Majilio, yale majuma ya kuingoja Krismasi, na kwa Kwaresima, nyeupe kwa Krismasi na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste na sikukuu ya Matengenezo ya tarehe 31 Oktoba, kijani kwa zile Jumapili nyingi baada ya Utatu, na nyeusi Ijumaa Kuu. Kijana aliyetumwa kabatini akaleta kijani Jumapili ya kwanza ya Majilio hatafukuzwa, ila atakumbushwa mpaka Pasaka. Rangi ni rahisi kukariri. Ugumu uko kwenye madoa.

Divai ikimwagika juu ya kitambaa cheupe, kwanza ibonyeze kwa kitambaa kikavu bila kusugua, kisha pitisha maji baridi kutoka upande wa nyuma ili doa lirudi lilikotoka. Chumvi ya kumwagia juu hunyonya divai ambayo bado ni mbichi, lakini kwenye doa lililokauka haisaidii kitu. Kosa linaloharibu vitambaa vingi ni pasi: mtu anafua, anaona doa limefifia, anapiga pasi, na joto linalipika doa likabaki humo siku zote. Usipige pasi mpaka uwe umekitazama kitambaa kwenye mwanga wa jua kikiwa kimelowa na hakuna alama. Dawa ya kung'arisha nguo nayo ina bei yake. Kitani kinachofuliwa nayo kila mwezi huanza kuwa na rangi ya manjano, kisha hupasuka kwenye mikunjo.

Nta ya mshumaa ni kinyume chake, hiyo inataka joto. Iache igande kabisa, ikwangue kwa mgongo wa kisu, weka karatasi ya kaki juu na chini, halafu pitisha pasi ya vuguvugu huku ukibadilisha karatasi kila inapolowa nta. Usitumie gazeti, maana wino wake utahamia kwenye kitambaa. Na kama pasi ni ya mkaa, itikise nje kwanza. Cheche moja tu kwenye kitambaa cha altare na utashona kiraka kitakachotazamwa na usharika mzima.

Maua nayo yana adui wasiyemtazamia wengi. Yungiyungi jeupe hupendeza sana, ila ule unga wa kahawia ulio katikati ukidondoka kwenye kitambaa na mtu akaupangusa kwa leso yenye maji, doa halitoki. Toa vichwa vya unga huo kwa vidole siku ua linapofunguka. Ukishadondoka, uinue kwa kipande cha selotepu, ukibandika na kubandua bila kusugua. Mashina yakatwe kwa mshazari, majani yatakayozama majini yaondolewe yote, la sivyo maji yataanza kunuka kabla mahubiri hayajaisha.

Kwenye Chakula cha Bwana siku hizi sharika nyingi hutumia vikombe vidogo. Kila kimoja kikitiwa mililita 10 hivi, lita 1 inatosha watu 90 ukiacha nafasi ya kumwagika. Anayejaza hadi ukingoni hupoteza theluthi, na sinia likiinuliwa divai inamwagikia wahudumu mikononi. Vikombe vijazwe sinia likiwa tayari mahali pake.

Baada ya ibada huwa kuna mnada wa vitu vilivyoletwa kuwa sadaka. Ambaye hajauona atashangaa kuona mkungu wa ndizi ukiuzwa mara tatu: mtu anaununua, anautoa tena kwa kanisa, unauzwa upya, na wa mwisho anaupeleka kwa mjane au kwa mchungaji. Bibi aliyezoea anapanga vitu kwa jinsi vinavyoharibika. Maziwa kwanza, maana jua la saa tano halingoji, kisha mayai, kisha kuku waliofungwa miguu na kulazwa kivulini, na mwisho ndizi na mahindi. Anajua pia kwamba ukianza na kitu kikubwa watu wanamaliza fedha mapema, na mayai ya mtoto wa Sunday School yanauzwa kwa huruma. Hatari ya mnada ni ahadi. Msemo wa "nitaleta Jumapili ijayo" ukiandikwa bila jina kamili, kiasi na sahihi ni sadaka iliyokwisha potea. Ndiyo maana kalamu imefungwa kwenye daftari.

Lakini pale bibi anapoonekana fundi hasa ni msibani.

Taarifa ikifika usiku, asubuhi yeye yuko jikoni, na swali lake la kwanza ni watu wangapi. Hapa wengi hukosea kwa kuhesabu ndugu. Bibi huhesabu mabasi na magari yatakayotoka Dar es Salaam na Arusha, kwaya ngapi zimealikwa, na marehemu alikuwa na vyama gani. Mwalimu mstaafu au mzee wa kanisa huleta watu mara mbili ya wanaotarajiwa. Akishapata namba, anaongeza kumi katika kila mia.

Kilo 1 ya mchele hulisha watu 7 au 8 wa msibani. Watu 200 basi wanataka kilo 27 hivi, na kwa akiba 30. Maharage makavu kilo 1 hutosha watu 12 kama ni kitoweo cha pembeni. Nyama yenye mifupa kilo 1 kwa watu 8, ikikatwa na mtu mmoja tu, kwani wakatao wawili hutoa vipande viwili tofauti na lawama huja kwenye foleni. Kabichi kubwa moja ni ya watu 15. Chai ya lita 20 inataka majani gramu 100 na sukari kilo moja na robo, nayo itajaza vikombe 80. Sukari huisha kabla ya majani kila msiba, kwa sababu wapo wanaoongeza vijiko viwili juu ya chai ambayo tayari ina sukari.

Wali wa sufuria kubwa si wali wa nyumbani uliozidishwa. Nyumbani kikombe kimoja cha mchele hupewa maji viwili. Kwenye sufuria ya kilo 10 ukifuata hesabu hiyo utapata uji, kwa sababu maji yanayopotea kwa mvuke ni machache ukilinganisha na wingi wa mchele. Lita 15 hadi 17 zinatosha kwa kilo 10, karibu na 15 kama mchele ni mpya wa msimu, karibu na 17 kama umekaa ghalani. Kilo 10 ndiyo mwisho kwa sufuria moja. Anayejaza 15 ili kuokoa kuni atatoa tabaka tatu, chini ukoko mweusi, katikati bokoboko, juu mchele unaotafunika kama mchanga, na moshi wa ukoko utaingia kote.

Maji yachemke kwanza pamoja na chumvi na mafuta, ndipo mchele uingie. Ukoroge mara moja kutoka chini kwa mwiko mrefu, ufunike, na moto uwe mkubwa mpaka maji yawe sawa na mchele. Hapo ndipo wasioijua kazi huongeza kuni. Bibi hufanya kinyume: anavuta kuni zote nje, anabakiza makaa kidogo chini, na anapalia makaa mengi juu ya kifuniko. Dakika 30 hadi 40 bila kufunua. Kila anayekuja kuchungulia anaiba mvuke, na ndiyo sababu utamkuta amekaa kwenye kigoda kando ya sufuria kama askari, akijibu shikamoo za watu bila kuinuka.

Wali uliobaki usilale ndani ya sufuria iliyofunikwa. Katikati hubaki na joto mpaka usiku wa manane, na wali wa hivyo huumiza matumbo hata ukipashwa tena asubuhi. Utandazwe kwenye masinia upoe upesi, au ugawiwe jioni ileile. Waliochimba kaburi wapate sahani zao zilizowekwa kando mapema. Kusahauliwa kwao hukumbukwa na ukoo kwa miaka.

Kuwatembelea wagonjwa ni kazi ya kimya zaidi. Dakika 15 au 20 zinatosha. Nawa mikono ukiingia, keti kwenye kiti ili macho yenu yawe sawa, usikae kitandani. Beti mbili za wimbo anaoujua, zaburi fupi, sala fupi. Kisha umgeukie anayeuguza, umuulize yeye amelala saa ngapi na amekula nini. Mara nyingi mwenye hali mbaya zaidi chumbani ni huyo. Bibi mwenye hekima huacha sabuni ya mche na sukari mkononi mwa mwuguzaji, naye hukaa na mgonjwa nusu saa ili mwenzake aoge. Asiyekuwa na hekima huhubiri saa nzima, husimulia wagonjwa wengine waliokufa kwa ugonjwa uleule, au hushauri dawa za hospitali ziachwe kwa kuwa maombi yamefanyika. Hili la mwisho wazee wa kanisa walikemee waziwazi.

Mgonjwa wa kulala anageuzwa kila baada ya saa 2, ubavu huu kisha huu, akiegemezwa kwa mto bila kulalia ubavu kamili. Visigino viinuliwe visiguse godoro. Shuka liwe kavu na lisilo na mkunjo. Ngozi ikionekana nyekundu kwenye nyonga, kisigino au chini ya mgongo na wekundu usipotee ukibonyeza kidole, usiisugue wala kuikanda. Ondoa uzito hapo na umwite muuguzi. Akilishwa, akae wima, na abaki wima nusu saa baada ya kula, asije akapaliwa.

Chakula chake mara nyingi ni mtori, ambao Uchagani ni wa mzazi aliyejifungua kwanza na wa mgonjwa pili. Nusu kilo ya nyama yenye mifupa ichemshwe lita 2 za maji mpaka ilainike, saa 1 au zaidi. Ndizi mshare 10 zimenywe huku zikiangukia kwenye maji ili zisiwe nyeusi, na mikono ipakwe mafuta kwanza kwa ajili ya utomvu. Zichemke na kitunguu ndani ya supu ileile, nyama itolewe kando, ndizi zipondwe kwa mwiko, kisha nyama irudi ikiwa imechambuliwa. Ukisaga kwa blenda mtori huvutika kama gundi, na mgonjwa asiye na nguvu hawezi kuumeza. Maziwa au siagi huingia mwisho, moto ukiwa umeshushwa. Kama ana shinikizo la damu, chumvi itiwe kwenye bakuli za wengine.

Nyumbani bibi ana kazi nyingine ambayo haimo kwenye taarifa ya usharika: kupatanisha. Desemba, watoto wanaporudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa Krismasi, ndipo magomvi ya mwaka mzima hukutana chini ya paa moja, na mengi ni ya mpaka. Mpaka wa kihamba huoteshwa masale, na jani la mmea huohuo likishikwa mkononi ni ombi la msamaha ambalo mzee wa Kichaga hulikataa kwa shida. Bibi anayejua huwasikiliza wagomvi mmojammoja kwanza, kila mtu siku yake, asubuhi kabla mbege, pombe ya ndizi, haijamiminwa. Wanaokutanishwa ghafla mbele ya wakwe hukubali kwa midomo tu. Baada ya hapo ndipo jani la masale na Biblia huja mezani, na watu wakiwa wachache.

Sasa mwili wake. Mteremko ule aliokuwa akiupanda kwa dakika 15 sasa ni nusu saa, na watoto walioko mbali hawajui kwa sababu kwenye simu husema "mimi ni mzima".

Ishara ziko wazi kwa anayeangalia. Ya kwanza ni kitabu cha nyimbo. Bibi anaimba beti zote bila kukosea, kitabu kikiwa wazi mkononi, na hageuzi ukurasa. Anaimba kwa kichwa, hasomi tena. Huenda ni mtoto wa jicho, na upasuaji wake ni wa muda mfupi. Mjini Moshi hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa 1971, ina idara ya macho. Ya pili ni vidonge vya shinikizo vinavyopeleka mtu chooni. Wapo kina mama wengi ambao hawavimezi Jumapili, kwa sababu ibada ni ndefu, choo kiko nyuma ya kanisa, na kuinuka katikati ya mahubiri wanaona aibu. Akifanya hivyo kila juma shinikizo halitulii, na nyumbani watu watashangaa dawa "hazifanyi kazi". Aulizwe daktari kama anaweza kumeza baada ya ibada siku hiyo, na apewe nafasi mwisho wa benchi karibu na mlango. Wazee wa kanisa wanaweza kupanga hilo bila kutangaza.

Ya tatu ni kufunga. Mwenye kisukari anayemeza dawa au kujidunga sindano kisha akafunga chakula anaweza kushukwa na sukari palepale kwenye maombi: jasho jembamba, kutetemeka, maneno yanayochanganyika. Waombaji wengine wameshawahi kuiona hali hiyo wakadhani ni upako. Apewe sukari mara moja kama bado anaweza kumeza, na hapo ndipo zile pipi za mkobani zinapojieleza. Bibi mwenyewe anajua ni za nini, ndiyo maana hazimalizwi na wajukuu.

Kisha kuna simu. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" huwapata sana wazee wenye kushika fedha za kikundi, kwa sababu kweli wanasubiriwa kutuma fedha mahali. Kanuni inayofaa ni moja: fedha ya kikundi haitumwi kwa meseji, mpaka amepiga simu kwa namba iliyoandikwa kwenye daftari na kuisikia sauti. Namba ya siri asipewe mjukuu hata kama ni mwema. Ikipotea elfu kumi, mtoto mwema ndiye wa kwanza kushukiwa, na bibi atapoteza fedha na mjukuu.

Kuhusu kurithi kazi hii, mikutano ya umoja wa wanawake hulizungumzia kila Machi inapofika ile Ijumaa ya kwanza ya maombi ya wanawake ulimwenguni, kisha husahaulika. Linalowezekana ni dogo tu. Bibi awe na wasaidizi wawili, si mmoja, kwa kuwa mmoja huolewa akahama. Mmoja apewe sufuria ya wali apalie mwenyewe huku bibi amekaa kimya, hata ukoko ukitokea. Wa pili anakili daftari kwenye daftari lingine, kwa sababu la kwanza siku moja litalowa mvua ndani ya mkoba.

Na sufuria za umoja zipakwe alama ya rangi chini ya kitako, siyo ubavuni ambako moto huifuta, zihesabiwe jioni ya msiba kabla watu wa magari hawajaondoka. Vifuniko vihesabiwe peke yake. Sufuria hurudi, vifuniko ndivyo vinavyobaki nyuma ya nyumba ya watu, vikiwanyweshea kuku maji.